i5 ya kizazi cha saba na kadi ya GB 4: uongeze nini, uache nini

Swali la msomaji: Kompyuta yangu ya gemu ina Core i5-7500, RAM GB 8 (kijiti kimoja), GTX 1050 Ti ya GB 4, hadi diski (HDD, diski ya kuzunguka) ya TB 1 na pawa saplai iliyoandikwa watt 400. Ubao mama ni wa chipseti ya B250, skrini ni ya 1920×1080, Hz 60. Gemu za zamani zinakwenda vizuri, ila hizi mpya zinakwama, hasa ninapoingia eneo jipya. Pesa niliyonayo haifiki nusu ya kompyuta mpya. Fundi mmoja ananiambia ninunue i7-7700, mwingine anasema niuze yote. Nifuate lipi?

Jibu:

Ndugu yangu, usiuze bado, na hiyo i7-7700 iache ilipo.

Mwenye bajeti ndogo anapotaka kununua kifaa ajiulize kwanza kama kitahamia kwenye mashine yake ijayo. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, itahama. Pawa saplai nzuri itahama. Kadi ya grafiki itahama. RAM ya DDR4 nayo itahama, mradi uuchague ubao mama ujao kwa makini. i7-7700 haina pa kuhamia. Soketi ya LGA1151 kwenye B250 inapokea prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 tu. Zile za kizazi cha 8 zina soketi ya jina lilelile lakini zinadai chipseti (chipu kuu za ubao mama) za mfululizo wa 300, kwa hiyo hazitawaka kwenye ubao wako. Maana yake i7-7700, yenye viini 4 na nyuzi 8 (mistari ya kazi inayoendeshwa kwa pamoja), ndiyo mwisho wa njia. Kwa kuwa kila mwenye ubao kama wako anaitafuta hiyohiyo, bei yake ya mtumba huwa haishuki kama inavyostahili. Ukishainunua, siku ya kubadili ubao itabaki mkononi.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, pima. Maelezo yako yana dalili moja nzuri sana: kukwama *unapoingia eneo jipya*. Wakati huo gemu inasoma picha za kuta, ardhi na miili kutoka kwenye diski, inazipitisha kwenye RAM, kisha inazijaza kwenye kumbukumbu ya kadi. Kwako njia hiyo ni finyu sehemu zote tatu: diski ni ya kuzunguka, RAM ni GB 8 kwenye chaneli moja, na kadi ina GB 4. Prosesa huenda ikawa tatizo pia, lakini huwezi kulijua hilo kwa kukisia.

Weka programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, kisha washa maandishi ya pembeni mwa skrini yaonyeshe vitu hivi: asilimia ya kazi ya GPU (chipu ya kadi ya grafiki), kumbukumbu ya kadi iliyotumika, asilimia ya kila uzi wa prosesa, RAM iliyotumika, fremu kwa sekunde, na muda wa kila fremu kwa milisekunde. Cheza dakika ishirini hivi mahali palepale panapokusumbua.

Usiitazame sana fremu ya wastani. Fremu 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Fremu 30 ni 33.3. Gemu inaweza kukuonyesha wastani wa 55 huku kila baada ya sekunde chache kukiwa na fremu moja iliyochukua milisekunde 120. Hiyo moja ndiyo jicho linayoiona kama kukwama, na kwenye mchoro wa muda wa fremu inasimama kama mwiba. Mwiba ukitokea, angalia papo hapo nini kingine kimebadilika.

GPU ikikaa kwenye asilimia 95 hadi 99 wakati wote, kadi ndiyo inayokubana. GPU ikishuka hadi 60 au 70 huku nyuzi zote nne za i5 zikigonga 100, prosesa ndiyo iliyoelemewa. Kumbukumbu ya kadi ikikaribia MB 4000 na miiba ikaanza hapo, kadi imejaa na inaazima nafasi kwenye RAM kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na ubao mama, iliyo ya polepole mno kwa kazi hiyo. Na kama RAM imefika GB 7.5 huku Task Manager ikionyesha diski imekaa 100%, Windows inahamishia vitu kwenye diski ili ipate nafasi, na hakuna kadi yoyote duniani itakayoliondoa tatizo hilo.

Thibitisha kwa majaribio mawili. La kwanza, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720 bila kugusa kitu kingine. Fremu zikipanda kutoka 35 hadi 55, kadi ndiyo kikwazo. Zikitoka 35 zikaishia 37, ni prosesa, maana kazi yake haipungui kwa picha kuwa ndogo. La pili, rudisha 1080, kisha shusha ubora wa *textures* peke yake hadi chini kabisa. Miiba ikitoweka na wastani ukabaki uleule, tatizo ni hizo GB 4 za kadi.

Kuna mambo mawili ya bure ya kuangalia hapohapo. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kisha fungua HWiNFO utazame joto: i5-7500 hujipunguza kasi yenyewe ikifika nyuzi 100 za Selsiasi, na feni ya kiwandani iliyojaa vumbi inaweza kuifikisha huko. Ikivuka 85 katikati ya gemu, puliza vumbi (shika panga la feni lisizunguke unapopuliza) na ubadilishe pesti ya joto.

Sasa manunuzi. Anza na SSD. Starfield na Baldur's Gate 3, zote za 2023, zimeandika waziwazi kwamba SSD ni ya lazima, na Cyberpunk 2077 ikafuata mwaka huohuo. Kwa gemu za namna hii hadi diski haicheleweshi tu kufunguka; inaleta miiba ya kila eneo jipya, ndiyo hiyo unayolalamikia. SSD ya SATA ya inchi 2.5, inayosoma takriban MB 550 kwa sekunde, inakutosha kabisa. Ubao wako ukiwa na nafasi ya M.2 (ya SSD zenye umbo la kijiti), soma kitabu chake kwanza: nafasi nyingine zinapokea SATA pekee, nyingine NVMe (aina yenye kasi zaidi), nyingine zote mbili. Kwa kawaida kijiti cha NVMe kina pengo moja kwenye meno yake na cha SATA kina mapengo mawili. Bei zikilingana chukua NVMe, kwa sababu ubao ujao utaitumia vizuri zaidi. Lakini usiongeze pesa kwa ajili ya tofauti ya kasi, kwani kwenye gemu nyingi huioni. Chukua TB 1 ukiweza. GB 500 zitameza Windows na gemu tatu kubwa, kisha utaanza kufutafuta. Hadi diski ibaki kwa gemu za zamani na mafaili, ila ipime kwanza kwa CrystalDiskInfo. Ikiandika "Caution", hamisha vitu vyako leo.

RAM inahitaji busara kidogo, maana tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepanda sana duniani kote, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data. Kwa hali hiyo nunua kijiti kimoja tu cha GB 8 cha DDR4, na kiwe cha kasi ya 3200. Kwenye B250 kitashuka chenyewe hadi 2400 na kufanya kazi na ulichonacho. Ukibadili ubao baadaye, kitafutie pacha wake wa 3200 na uuze kile cha zamani. Ukiwa na nafasi nne, chomeka kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ukivipanga jirani unaweza kuishia na chaneli moja tena, na i5 yenye chaneli moja hupoteza fremu nyingi, hasa pale zinaposhuka chini kabisa. Programu ya CPU-Z itakuonyesha kama chaneli ni mbili. Vijiti vya watengenezaji tofauti kwa kawaida huelewana, lakini si kila mara: kompyuta ikikataa kuwaka au ikianza kuzimika ovyo, jaribu kila kijiti peke yake, kisha endesha MemTest86 hadi imalize mzunguko mzima.

Hapo simama. Cheza wiki nzima, pima tena. Wapo ambao kwao safari inaishia hapa, hasa wanaocheza gemu za mashindano ambazo hazidai kadi kubwa.

Kama bado kadi ndiyo inayokubana, usikimbilie kadi. Geukia pawa saplai kwanza. Fungua kasha usome jedwali lililobandikwa ubavuni mwake. Usitazame ile 400 kubwa ya mbele, tafuta safu ya +12V. Ukikuta imeandikwa 22A, zidisha: 12 × 22 ni watt 264. Hizo ndizo watt ambazo prosesa na kadi vinagawana. Zilizobaki kufikisha 400 ziko kwenye +5V na +3.3V, ambako kadi yako haipati kitu cha maana. Sasa i5 yako ni ya watt 65, RX 6600 (kadi ya AMD nitakayoipendekeza hapa chini) ni ya watt 132, na kadi zote za kisasa huruka juu ya kiwango chao kwa muda mfupi mno. Pawa saplai dhaifu haivumilii mruko huo: kompyuta inazima au inajiwasha upya katikati ya gemu, bila skrini ya bluu wala ujumbe wowote, na mwenyewe anadhani kadi ni mbovu.

GTX 1050 Ti nyingi hazina plagi ya ziada, kwa kuwa watt 75 za nafasi ya PCIe zinazitosha. Huenda basi pawa saplai yako haina kabisa waya wa pini 6+2. Tafadhali usiuzibe mwanya huo kwa adapta ya SATA kwenda pini 8. Plagi ya SATA imekadiriwa kubeba amp 4.5 kwenye 12V, yaani watt 54. Pini 8 ya kadi ina haki ya kuvuta 150. Plastiki inayeyuka, wakati mwingine na kuwaka. Nunua pawa saplai *mpya* ya watt 500 hadi 550 ya mtengenezaji anayejulikana, yenye waranti ya miaka mitano ikiwezekana. Nembo ya 80 Plus inapima jinsi umeme unavyopotea, haipimi kinga, hivyo hakikisha maelezo yanataja kinga dhidi ya mkondo kuzidi, volti kuzidi na shoti. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho nisingemshauri mtu akinunue mtumba. Na kama ni ya waya zinazochomoka, tumia waya zake zenyewe tu: mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hauna kiwango kimoja, na waya wa chapa nyingine unaweza kuunguza SSD yako mpya siku ileile.

Kadi sasa. Kwa i5-7500 na skrini ya 1080 Hz 60, RX 6600 ndiyo kilele cha busara. Ina GB 8, inataka plagi moja ya pini 8, na AMD yenyewe inapendekeza pawa saplai ya watt 450. Inatumia njia 8 tu za PCIe, na ubao wako ni wa PCIe 3.0, lakini hasara yake ni asilimia chache. Ukipendelea NVIDIA kwa ajili ya DLSS (mbinu yake ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza), RTX 3060 ya GB 12 ni nzuri zaidi na inatumia njia zote 16. Ni ya watt 170, nayo hiyo watt 550 itaibeba bila shida. Kuvuka hapo ni kulipia nguvu ambazo prosesa yako haitaziamsha.

Za kuepuka kwenye ubao huu ni mbili. RX 6500 XT inatumia njia 4 tu. Kwenye PCIe 3.0 na kumbukumbu ya GB 4 inajikwaa palepale unapokwama leo, tena haina uwezo wa kurekodi video kwa chipu yake. Kadi za Intel Arc nazo zinategemea Resizable BAR (njia ya prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), ambayo mbao za kizazi chako kwa kawaida hazina, na bila hiyo zinapoteza nguvu nyingi. RTX 3050 ina sura mbili: ya GB 8 inavuta watt 130, ya GB 6 inavuta 70 na haihitaji plagi. Hiyo ya GB 6 ni dhaifu waziwazi, lakini ni ya kufikiriwa kama kasha lako au pawa saplai ya kiwandani haviruhusu kingine.

Ukinunua mtumba, nenda na GPU-Z (programu ya kusoma maelezo ya kadi) kwenye flashi. Soma idadi ya *shaders* (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya chipu): RX 6600 halali ina 1792. Programu hiyo pia hutambua kadi za zamani zilizobadilishiwa jina kwa ulaghai. Iwekee mzigo wa FurMark kwa dakika 15 hadi 20, huku ukitazama joto la chipu na la sehemu yake yenye moto zaidi. Yakiachana kwa zaidi ya nyuzi 25 hivi, pesti imekauka au kipoozeo hakijakaa sawa, na bei ishuke. Vidoa vya rangi au visanduku vinavyometameta vikitokea, rudisha kadi kwa mwenyewe. Jaribu kila tundu la skrini. Na kabla ya safari hiyo yote, pima kasha lako kuanzia nyuma hadi feni za mbele, uone kama kadi itaingia.

Kuhama kutoka NVIDIA kwenda AMD, kata intaneti, ingia Windows kwa hali salama, futa draiva za zamani kwa Display Driver Uninstaller, zima, badili kadi, kisha weka draiva mpya. Ukiacha intaneti wazi, Windows hujiwekea draiva yake katikati ya kazi na kukuvuruga.

Baada ya hapo utaona mzigo umehamia kwenye prosesa. Ni kawaida. Kwenye RivaTuner funga fremu kwenye 60, au 45 kwa gemu nzito. Fremu 45 zilizotulia zinachezeka kuliko 60 zinazoyumba. Shusha wingi wa watu mitaani na umbali wa kuona, maana hivyo ndivyo vinavyoielemea prosesa. Textures ziache juu, kwani kumbukumbu ya kadi sasa unayo. FSR, mbinu ya AMD ya kukuza picha, haitakusaidia prosesa ikiwa ndiyo kikwazo, kwa kuwa inapunguza kazi ya kadi tu. Ila leo, kabla hujanunua chochote, FSR inafanya kazi hata kwenye 1050 Ti yako: kwa kiwango cha Quality inachora 1280×720 na kuikuza hadi 1080.

Ipo sababu nyingine ya kutong'ang'ania kadi hiyo. NVIDIA ilitoa draiva ya mwisho ya gemu kwa kizazi cha GTX 1000 mwishoni mwa 2025. Zilizobaki ni za usalama tu. Vilevile gemu kama Indiana Jones and the Great Circle na DOOM: The Dark Ages zinadai kadi yenye ray tracing (kukokotoa miale ya mwanga) ndani ya chipu, na bila hiyo hazichezeki.

Na Windows nayo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi inaanza na prosesa za Intel za kizazi cha 8. Gemu nyingine za mtandaoni, kama Battlefield 6, zinadai Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka) na TPM 2.0 (sehemu ya kutunza funguo za siri). Mbao za B250 kwa kawaida zina TPM ya ndani inayoitwa PTT, iwashe kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama). Diski ikiwa ya mtindo wa MBR (mpangilio wa zamani ambao Secure Boot haiukubali), weka nakala ya mafaili yako, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`, na ikikubali badilisha neno validate liwe convert. Zima CSM (hali ya kuwasha mifumo ya zamani) kwenye BIOS *baada* ya hapo. Ukitangulia kuizima, Windows haitawaka.

Prosesa na ubao vitasubiri awamu ya pesa ijayo. Siku hiyo tafuta Ryzen 5 5600 na ubao wa B550, au Core i5-12400F na ubao wa B660 wa DDR4. Zote mbili zina viini 6 na nyuzi 12, zinaruhusu Windows 11, na zitapokea RAM, SSD, kadi na pawa saplai ulizokwisha kununua. Kwa upande wa Intel soma jina la ubao hadi mwisho: B660 zinatoka za DDR4 na za DDR5, na kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine. Mimi ningechagua AM4, yaani soketi ya hiyo Ryzen, kwa kuwa soketi hiyo bado inabeba Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ikitokea kwa bei nzuri. Kabla ya kung'oa ubao wa zamani, unganisha leseni ya Windows na akaunti yako ya Microsoft.

Yule fundi aliyesema uuze ana hoja katika hali moja. Jumlisha bei za SSD, kijiti cha RAM, pawa saplai na kadi. Kisha ulizia bei ya kompyuta nzima ya mtumba yenye Ryzen 5 3600 au 5600 na kadi ya kiwango cha RX 6600. Jumla yako ikivuka theluthi mbili ya bei hiyo, na mwenye nayo anakubali uipime kwa saa moja, nunua hiyo nzima na uuze yako. Chini ya hapo, fuata njia ya awamu. Ukifuata njia hiyo, 1050 Ti usiiuze hadi kadi mpya imalize muda wake wa kurudishwa: hizo i5 zenye herufi F, na Ryzen 5600, hazina grafiki za ndani, na bila kadi ya akiba hutaweza hata kuona BIOS.